Nimemtambua mdogo wangu kwenye ile video

Mama mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliichana kwa kuwa nilitaja jina lake. Ya pili niliichana kwa kuwa nilimtetea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hii nitaituma kabla sijairudia kuisoma.

Nina miaka 44, naishi Kisauni, Mombasa. Alfajiri nakaanga mahamri na kupika mbaazi, jioni nafungua kiduka changu. Mamangu alifariki nikiwa na miaka 19, akaniachia mdogo wangu wa kiume wa miaka 7. Baba alikuwa baharia, akija mara moja kwa mwaka, kisha akawa haji tena. Nilipoolewa nilikwenda naye kwa mume, na wanangu watatu wote walizaliwa wakamkuta nyumbani. Wao humwita mjomba. Mimi nikiwa peke yangu humwita mwanangu.

Alimaliza shule akakaa maskani miaka miwili. Wenzake wa pale, wengine wako Ghuba kikazi, wawili wamekufa kwa unga wa kulevya, na mmoja alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki, mpaka leo mamake anazunguka vituo kumuulizia. Kwa hiyo polisi walipotangaza kuajiri, mimi ndiye niliyemwamsha. Alikimbia uwanjani peku kwenye jua, akapimwa kimo, akafunguliwa kinywa akakaguliwa meno, akachukuliwa. Sikutoa hata shilingi kwa mtu. Hilo nalisema kwa sababu mtaani walivumisha kuwa nimetoa.

Siku ya gwaride la kuhitimu, chuo cha polisi cha Kiganjo, nilisafiri usiku kucha. Baridi ya Nyeri sitaisahau. Nilijitanda leso mbili juu ya buibui na meno bado yaligongana. Alipopita mbele yetu na wenzake nilipiga kigelegele peke yangu katikati ya watu nisiowajua. Tangu hapo ametufaa sana. Bati la nyumba hii ni yeye. Nusu ya ada ya binti yangu mkubwa, aliye chuo kikuu, analipa yeye.

Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, binti yangu aliandamana hapa Mombasa. Alirudi sauti imemkauka, bendera kaifunga kiunoni. Sikumgombeza, bei ya unga na mafuta naijua kuliko yeye. Tarehe 25 tulikaa mbele ya televisheni tukaona moshi Bungeni, na mjombake alikuwa huko huko Nairobi, kazini. Nilimpigia simu mpaka saa sita usiku. Alipopokea alisema, "Dada, niko salama," akakata.

Siku chache baadaye binti yangu aliniletea simu jikoni. "Mama, tazama unyama huu." Ilikuwa video ya sekunde kama arobaini. Kijana amelala kifudifudi kwenye lami, mikono kichwani. Askari mwenye kofia ngumu, uso kaufunga kitambaa, anampiga rungu. Mara nne. Nimehesabu siku nyingi. Anapiga kwa mkono wa kushoto. Anasema, "Lala! Lala chini!" na kijana tayari amelala. Kisha anageuka kuondoka, na hapo anafanya kitu kimoja. Mdogo wangu tangu utotoni, akimaliza kazi ya nguvu, awe amekuna nazi au amebeba ndoo za maji, hujifuta kidevu kwenye bega la kushoto, mara mbili, haraka haraka. Yule askari alifanya hivyo. Kofia ilimzuia, kidevu hakikufika begani, lakini shingo ilikwenda vile vile, mara mbili.

Nilimrudishia binti yangu simu nikageukia karai. Mahamri yote yaliyokuwemo yaliungua.

Baadaye nilimwomba anitumie ile video, nikisema nataka kumwonyesha mtu. Iko kwenye simu yangu hadi leo, na naitazama usiku wote wakilala.

Alipokuja likizo hakuwa yule ninayemjua. Alikataa kitanda, akatandika mkeka sakafuni, miguu akaielekeza mlangoni. Kifuniko cha sufuria kilipoanguka, kabla hakijatulia, yeye alikwishasimama mgongo ukutani. Binti yangu alimuuliza kwa upole, "Mjomba, wewe hukuwapiga watu, sivyo?" Akajibu, "Mimi nilikuwa nalinda jengo." Binti akamkumbatia. Wenzake chuoni wakiwatukana polisi, yeye huwaambia mjomba wake si kama hao.

Kuna na jambo jingine, Mama, ambalo naona aibu kuliandika. Jirani yangu ukuta kwa ukuta, kijana wake aliuawa na polisi miaka kadhaa iliyopita. Walisema alikuwa kwenye kundi la mapanga. Mimi sijui. Ninalojua ni kwamba miezi miwili kabla ya kifo hicho vijana wa mapanga walinivamia dukani wakati wa magharibi, wakachukua pesa na simu, na kesho yake nilisimama barazani nikasema mbele ya watu, "Hawa dawa yao ni risasi." Jirani yangu alikuwapo. Kwenye hitima ya mwanawe nilikaa karibu na mlango, nikaondoka mapema. Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa za nusu mdomo.

Sasa mdogo wangu amesema Idd hii anakuja, na atakaa wiki nzima. Nikimuuliza akakubali, nitalifanyia nini jibu hilo? Nikinyamaza, ndio nimekula ada yake na kumfungia kijana wa watu kwenye simu? Nikiipeleka hiyo video mahali, nimemfunga kwa mkono wangu mtoto niliyemwogesha. Pengine aliamriwa. Pengine walikuwa wametupiwa mawe kutwa nzima. Pengine si yeye. Na binti yangu je, nimwambie?

Ni mimi,
Dada Mkubwa, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu kila nilipoanza kukujibu nilijikuta namjibu mtu mwingine: mara binti yako, mara jirani yako, mara yule kijana wa kwenye lami. Wote wamo humo ndani.

Niseme kwanza nilivyokuelewa. Umemtambua, au unaamini umemtambua, mtu uliyemlea, akimpiga mtu ambaye hakuwa anapigana. Ushahidi wako ni wa aina anayoweza kuwa nao dada peke yake: mkono wa kushoto, sauti, na shingo inayotafuta bega. Umekaa nao peke yako, katika nyumba yenye bati alilolinunua yeye. Na tarehe inakaribia ya kukaa naye sinia moja. Juu ya yote hayo kuna habari ya jirani, ambayo umeiweka mwisho kama nyongeza. Mimi nitaanza nayo.

Naikumbuka hali ya Kisauni. Makundi ya vijana, mengine yakijiita Wakali Kwanza na Wakali Wao, yalitembea na mapanga, watu wakawa wanafunga maduka jua halijazama. Aliyesema dawa yao ni risasi hukuwa wewe peke yako. Kauli hiyo nimeisikia kwa akina mama sokoni, kwa wenye matatu, hata kwa wazee wanaoswali safu ya mbele. Ilitoka kwenye hofu ya kweli, na hofu ya mtu aliyewekewa panga shingoni mimi siidharau.

Lakini askari naye ana masikio. Tangu 2018, walipoanza kuruhusiwa kupanga nyumba mitaani badala ya kubanana kambini, wengi wanaishi ukuta kwa ukuta na sisi. Wanatusikia tukisema mwizi amalizwe hapo hapo kwa kuwa akipelekwa kortini kesho utamwona mtaani. Kisha wanatusikia tukiwaita wauaji siku aliyemalizwa ni mtoto wa mtu tunayemjua. Watoto wetu tukitaka wanyamaze tunawaambia askari atakuja kuwachukua, na mtoto huyo huyo akifika miaka 20 tunamwamsha akajiandikishe uaskari, kwa sababu kuna mshahara. Simgawii mtaa kosa la mkono mmoja. Rungu lilishikwa na mtu mmoja. Ninalotaka ulione ni kwamba umeandika kana kwamba ziko nyumba mbili, ya waliopigwa na ya waliopiga, na wewe umesukumwa ghafla kwenye hii ya pili. Umekuwa na mguu mmoja kila nyumba kwa miaka mingi. Siku ile barazani uliomba nguvu itumike dhidi ya mtu usiyemjua, na itumiwe na mtu usiyemjua. Leo mmoja wao una jina lake.

Hilo halikufanyi mtu mbaya. Nadhani ndilo linalokuweka macho usiku kuliko ile video.

Sasa tuyapekue baadhi ya mambo uliyoyaandika kama yamekwisha kuthibitika. La kwanza: ni yeye? Mimi naona uzito wa ulichokiona. Mlezi hutambua mwendo wa mtoto gizani. Ila pia umeitazama sekunde arobaini mara zisizohesabika, usiku, peke yako, ukiwa na hofu, na jicho la namna hiyo hujaza yale ambayo picha haina. Watu wa mkono wa kushoto ni wengi. Sikwambii hivi ili ujifariji na "pengine si yeye." Nakwambia ili ukienda kwake uende na swali, usiende na hukumu ambayo umekwisha kuiandika.

La pili umelisema mbio mbio: pengine aliamriwa. Hapa mwanangu nitasimama kidogo, kwa sababu nimelisikia kwa wake za askari, kwa mama zao, na kwa askari wenyewe wanaponijia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita linalohusu matumizi ya nguvu na bunduki. Inamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu iingie pale njia hizo zimeshindwa, na iwe ya kiasi kinacholingana na kosa na upinzani anaokutana nao. Mtu aliyelala kifudifudi mikono kichwani, upinzani wake ni upi? Jedwali hilo hilo linasema kufuata amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Linasema mtu akiumia, askari waliopo wampe huduma ya matibabu mara moja, na jamaa zake waarifiwe. Na linataka askari mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana. Kitambaa kile usoni, na kifua kisicho na jina, huwa vinakuja pamoja.

Kwa hiyo amri, hata kama ilikuwapo, haimalizi habari. Lakini haimaanishi kuwa amri ni kitu kidogo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilipotoa hesabu yake tarehe 1 Julai 2024, ilitaja watu 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa katika maandamano yale. Idadi kama hiyo haitoki kwa kijana mmoja mwenye hasira. Kuna waliopanga, waliotuma, waliotazama pembeni. Ndugu yako kama alipiga, anabeba mapigo yake manne. Wako walio juu yake wanaobeba zaidi, na mara nyingi hao ndio ambao hakuna video inayowaonyesha. Hili litakusaidia ukizungumza naye, kwa sababu mtu akihisi anabebeshwa maiti zote za Juni, atajifunga kama kombe.

Umeandika pia kwamba walikuwa wametupiwa mawe kutwa nzima. Inawezekana. Askari wengi hufanya kazi saa nyingi bila kula, na kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ilieleza mwaka 2023 jinsi makazi na maslahi yao yalivyo duni. Mimi nimezungumza na familia zilizokuwa zikishiriki chumba kimoja na familia nyingine, pazia katikati. Ninayaweka mezani yote hayo. Kisha namtazama yule kijana, na naona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo alilolifanya yeye.

La tatu ni hili: unadhani ukinyamaza unamlinda. Sina hakika. Aprili 2025 waandishi wa BBC walionyesha jinsi walivyokusanya picha na video zaidi ya 5,000 za siku ile ya Bunge, wakalinganisha mwendo, mavazi na mahali, wakawatambua baadhi ya waliofyatua risasi. Ulichokiona wewe kwenye shingo, mwingine anaweza kukiona kwenye kiatu. Mwenzake wa zamu anajua. Binti yako ana video ile ile, amekua akimwona mjombake akijifuta kidevu begani, na siku moja naye ataunganisha. Kwa hiyo si hakika kwamba una siri mkononi. Huenda ulichonacho ni muda.

Basi muda huo unaweza kutumiwaje?

Unaweza kuzungumza naye. Ukiamua hivyo, usimuulize kwa simu, na usimuulize siku yenyewe ya Idd watu wamejaa. Mpe siku mbili alale. Kaeni mahali ambapo mtu anaweza kunyanyuka akatembea kidogo akarudi, baharini au uani usiku. Usianze na video. Anza na mkeka, na miguu kuelekezwa mlangoni, na kifuniko cha sufuria, kwa sababu hayo umeyaona kwa macho yako na hawezi kuyakana. Anaweza kusema kwa nini halali bila wewe kumtaja kijana yeyote. Akifungua mlango huo, ndipo umwambie kuna kitu umekiona ambacho kinakutesa. Swali langu nisingelifanya "ni wewe?" Ningemuuliza, "Yule kijana alipelekwa hospitali?" Jibu lake, hata kimya chake, litakwambia mengi, na linamrudisha kijana kwenye mazungumzo.

Hatari zipo. Anaweza kukana, na hapo mtabaki na uongo mmoja zaidi chini ya bati lile. Anaweza kukasirika akaondoka, ada ikakatika. Hilo lihesabu mapema, uone kama chuo kina nafasi ya mkopo au kulipa kidogo kidogo, ili pesa isikufunge ulimi. Na lipo moja zito zaidi. Mtu asiyelala, anayeruka kwa kila mshindo, na ambaye kazi yake ni ya bunduki, anaweza kujidhuru. Askari kadhaa nchini wamejiua. Kama anakuja na silaha, au ukimsikia akisema kwamba hana faida, au mngekuwa afadhali bila yeye, acha kabisa habari ya video, usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Tume ya Huduma ya Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha. Wengine hawaendi kwa kuogopa kuandikwa. Basi daktari wa nje, au imamu anayejua kusikiliza. Kumtafutia tiba si kumfutia alichofanya, na yeye ajue hivyo tangu mwanzo.

Unaweza pia kupeleka ulichonacho kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Unaweza kuomba jina lako lifichwe. Wao huchunguza, kisha wakiona kuna kesi hupendekeza kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Wao wenyewe hawashtaki. Sitakudanganya kuhusu mwendo wake. Kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao, waliouawa Juni 2016, ilifika hukumu ya hatia Julai 2022, na ile ilikuwa kesi iliyofanya mawakili wa nchi nzima waandamane. Ilionyesha kwamba askari wanaweza kuhukumiwa Kenya. Ilionyesha pia inavyochosha. Video moja ya askari aliyefunikwa uso inaweza kulala kwenye faili miaka, au inaweza kuwa kipande kilichokosekana kwenye faili ambalo tayari lipo. Huwezi kujua uko upande gani. Ukienda, utakuwa shahidi dhidi ya uliyemlea, na jamaa watakugawa: wako watakaokuona mkweli na wako watakaosema umekula chakula chake ukamuuza. Kabla ya hatua hiyo, kaa na wakili, hata wa msaada wa kisheria, umuulize mambo yako kwa faragha. Lakini hata kama hutakwenda popote, video hiyo usiifute.

Kati ya hayo mawili ipo njia ambayo watu huisahau: yeye mwenyewe kwenda. Askari anaweza kuandika taarifa ya alichofanya, alichoamriwa na alichokiona, akiwa na wakili pembeni. Inaweza kumgharimu kazi, hata uhuru. Inaweza pia kuwafikia wale wa juu ambao video haikuwafikia, na sheria ya ulinzi wa mashahidi ipo, ingawa nisingemwahidi mtu kwamba italala mlangoni pake kila usiku. Uamuzi huo ni wake. Wewe unaweza tu kumwambia kwamba akienda atakukuta nje ya ofisi ukimsubiri, kama ulivyomsubiri uwanjani walipokuwa wanamkagua meno. Ikiwa huwezi kumwambia hivyo kwa moyo mmoja, usimwambie.

Kuhusu binti yako nina wasiwasi na pande zote mbili. Ukimwambia kabla hujazungumza na mjombake, unampa mtoto wa miaka 20 shutuma ambayo wewe mwenyewe hujaithibitisha, na ana simu, na ana hasira ya haki. Usipomwambia kabisa, anaendelea kusimama mbele ya wenzake akimtolea mjombake ushahidi, na siku atakapojua, ataanza kuhesabu usiku ulioitazama video hiyo huku ukimwacha aongee. Ada hiyo ni yake pia. Pengine angependa kuchagua kama ataipokea. Sioni haja ya kuamua leo. Naona haja ya kutomdanganya zaidi. Akikuuliza jambo kabla hujawa tayari, unaweza kumwambia, "Kuna kitu nakichunguza, nitakwambia nikimaliza," na umaanishe.

Na jirani. Hukuniuliza habari zake, kwa hiyo nitasema kidogo. Yule mama anaijua zamu hii ambayo wewe unaianza sasa, ya kumtazama mtoto wako usiku na kujiuliza ni nani. Mtaa ulimwambia mwanawe alikuwa mhalifu, na hakupewa korti ya kulijua hilo kwa hakika. Sikuamuru uende. Ukienda, usiende na habari za mdogo wako, wala usimtake akupunguzie mzigo. Nenda na lile neno la barazani peke yake. Anaweza kukufungia mlango, na ana haki hiyo.

Nimalizie na jambo nililoliona nilipoisoma barua yako mara ya pili. Mdogo wako umenichorea tangu miaka 7: kimo, meno, leso mbili, bati, kidevu, bega. Kijana aliyelala chini umempa sentensi moja. Nadhani hata usiku ukiitazama video, macho yako yako kwa aliyesimama. Itazame mara moja zaidi, mchana, ukimtazama yeye. Amevaa nini, anasogea au hasogei baada ya pigo la nne, kuna anayemwinamia mwishoni. Huenda mamake naye anayo kwenye simu yake, na yeye hahesabu mapigo ili kujua ni nani anayepiga. Ukishamwona vizuri, niandikie unavyotaka kufanya, hata kama ni kinyume cha yote niliyosema hapa. Idd bado haijafika.